Dirudirudi: Uhakiki wa Mchezo katika Kufundisha Watoto Sauti za Kiswahili, Ggaba

Katika muhula wa pili wa mwaka wangu wa kwanza niliombwa kusoma aya moja kwa sauti mbele ya darasa. Aya ilihusu karamu ya harusi. Mimi nikasoma kalamu ya halusi. Darasa likacheka, nami nikacheka nao kwa kuwa sikujua la kufanya, kisha nikamaliza muhula mzima bila kuinua mkono. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji ajue kwamba mhakiki wa makala haya hatazami kutoka pembeni. Ninapoandika juu ya watoto wa miaka mitano wanaojifunza sauti, ninaandika pia juu ya ulimi wangu mwenyewe.

Kwamba mtoto mdogo afundishwe sauti za lugha kwa njia ya mchezo, siku hizi hakuna anayebisha. Hata mimi sibishi. Ninachohoji ni mchezo upi, umetoka wapi, na unachezwa kwa kipande gani cha neno. Mifano yangu ni ya Ggaba, ambako nilikaa wiki 6 nikisaidia katika darasa la juu la chekechea lenye watoto 31. Ggaba iko mwisho wa barabara inayobeba jina lake, pale Kampala inapogota ziwani. Kuna soko, kuna mwalo wa samaki, na kuna mitambo inayosafisha maji ya jiji. Ssenga wangu anauza mukene pale sokoni (Watanzania wanasema dagaa, Wakenya omena), na wiki hizo nilikuwa nikilala kwake.

Nianze na mchezo wa darasani. Kama ilivyo katika chekechea nyingi za Kampala, mwalimu alifuata Jolly Phonics, mfumo wa Uingereza unaofundisha sauti 42 za Kiingereza, kila sauti ikiwa na kisa kidogo na kitendo cha mwili. Kwa /s/ mkono unajipinda kama nyoka. Kwa /t/ kichwa kinageuka kushoto na kulia kama cha mtazamaji wa tenisi. Wengi wangeanzia hapa kulalamika: mtoto wa mwaloni amewahi kutazama tenisi wapi? Mimi naona lalamiko hilo ni jepesi. Watoto waligeuza vichwa kwa furaha kubwa, na kama wangeambiwa ni kichwa cha bata wangegeuza vilevile. Mtoto hahitaji kuijua tenisi ili aifurahie shingo yake.

Tatizo nililoliona liko kwingine. Mfumo huo huanza na sauti sita: s, a, t, i, p, n. Zimechaguliwa kwa sababu kwa Kiingereza zinaunda maneno mengi mafupi yanayofungwa na konsonanti. Mwalimu alipounganisha s, i, t, watoto walijibu kwa pamoja: "Siti!" Akasema hapana, ni sit. Wakasema tena, "Siti!" Alipofika kwenye tap wakasema "tapu". Alikuwa na subira ambayo mimi sina, lakini hata yeye aliishia kuwaambia wafunge midomo mapema. Nilipokuwa nimekaa nyuma nikaanza kuandika kwenye daftari maneno ya Kiswahili yanayotokana na sauti hizo sita: sisi, sasa, sita, tisa, pita, pata, pana, pasi, nani, nini, pia, tia. Nilishangaa. Orodha iliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine inakifaa Kiswahili vizuri kabisa, ila kwa sharti moja: mtoto asiombwe kuivunja silabi. Waliosema "siti" walikuwa wanafuata kanuni ya lugha zao zote mbili, Luganda na Kiswahili, kwamba neno halifungwi kwa konsonanti. Walihesabiwa kosa pale walipokuwa na sikio zuri.

Kuna utafiti unaotusaidia hapa. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake nchini Marekani waliwaomba watoto wagonge mezani idadi ya vipande vya neno. Wenye miaka minne, karibu nusu yao waliweza kugonga silabi. Kugonga fonimu, hakuna hata mmoja aliyeweza. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwapima watu wazima wa Ureno ambao hawakuwahi kusoma, wakaona kwamba kazi ya kuondoa au kuongeza fonimu moja mwanzoni mwa neno iliwashinda, ilhali wale waliojifunza kusoma ukubwani waliiweza. Maana yake fonimu ni kitu ambacho maandishi yanatufundisha kukisikia. Silabi mtoto anaikuta kinywani mwake. Kwa Kiingereza, chenye silabi za maumbo mengi sana, labda hakuna njia ila kushuka hadi kwenye fonimu mapema. Kwa Kiswahili hatuna haraka hiyo, na walimu wa zamani waliotuimbisha ba, be, bi, bo, bu walikuwa wamegusa kitu cha kweli, ingawa walikigusa kwa fimbo.

Sasa nirudi kwenye kalamu ya halusi, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mimi ni Muganda, na tangu sekondari nimeambiwa kwamba Waganda hawawezi kutamka r. Si kweli. Chakula kwa Luganda ni emmere, na kila mtoto wa Ggaba hulitamka neno hilo kwa r safi mara kadhaa kwa siku. Hospitali ni eddwaliro, r ipo. Luganda ina kitambaza na kimadende, zote mbili, lakini zimegawana nafasi: baada ya irabu e na i inakuja r, kwingine kote inakuja l. Kwa maneno ya darasa letu la fonolojia, hizo ni alofoni za fonimu moja. Ulimi unazo sauti zote mbili, ila hauna mazoea ya kuchagua, kwa sababu irabu iliyotangulia ndiyo inayochagua kwa niaba yake.

Ukiijua kanuni hiyo, makosa yetu yanatabirika kama ratiba. Habari inakuwa habali, kwa kuwa r imefuata a. Barabara inakuwa balabala. Karamu na kalamu zinakuwa kitu kimoja, na ndiyo maana nikawaalika wenzangu kwenye kalamu. Upande wa pili, mbili inakuwa mbiri na mbele inakuwa mbere, kwa kuwa l imefuata i na e. Aliyeniambia "huwezi r" alinipa ugonjwa ambao sina. Angeniambia "r yako inangoja i" ningejua pa kuanzia. Nilikuja kuielewa kanuni hii vizuri mwaka wa tatu, na sioni kwa nini nilipaswa kungoja hadi hapo.

Mchezo uliobadilisha mawazo yangu sikuuleta mimi. Jioni moja dada wa mtoto mmoja, msichana wa darasa la tano hivi, alikuja kumchukua mdogo wake, akasimama na rafiki yake langoni wakizungumza kitu ambacho sikukielewa. Nilisikia ni Luganda lakini kama iliyovaliwa nyuma mbele. Ilikuwa Ludikya, lugha ya mchezo ambayo watoto wa Buganda huitumia kuficha siri: silabi za neno zinasemwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kimuli, ua, inakuwa limuki. Wanaisimu wanaifahamu. G. N. Clements aliitumia mwaka 1986 kuonyesha jambo la ajabu, kwamba silabi hugeuka lakini urefu hubaki mahali pake. Baana, watoto, haiwi naba wala nabaa. Inakuwa naaba. Sauti zimehama na muda wake umebaki. Kwa kanuni hiyohiyo Ggaba yenyewe, yenye g iliyokazwa mwanzoni, inakuwa Bbaga: mkazo wa konsonanti unabaki mlangoni hata aliyesimama pale akibadilika. Msichana yule wa darasa la tano alikuwa anafanya uchambuzi ambao sisi tunaufanya kwa michoro ubaoni, naye alikuwa anautumia kumsema mwalimu wake.

Pwani ya Waswahili nako kuna ndugu yake. Kinyume, mchezo wa kuihamisha silabi ya mwisho na kuileta mwanzoni, unajulikana Unguja tangu zamani, na askofu Edward Steere aliutaja katika kazi zake za karne ya 19. Maji inakuwa jima. Rafiki inakuwa kirafi. Nimesoma kozi mbili za fasihi simulizi. Tumechambua vitendawili, methali, vitanza ndimi na nyimbo za watoto, na kinyume hatukukitaja hata siku moja. Nadhani tunakiacha kwa sababu hakina ujumbe. Kitendawili kinafunza hekima na wimbo unafunza maadili, lakini kinyume kinafunza umbo la neno peke yake, na sisi wahakiki tumezoea kuuliza "msanii anatufundisha nini" hata pale ambapo hakuna msanii.

Tazama tena kirafi. Mtoto wa Ggaba anayesema lafiki hana shida kusema kirafi, kwa sababu sasa r imefuata i. Nililiona hilo usiku, kitandani kwa Ssenga, na sikulala vizuri.

Kesho yake tulicheza hivi. Mtoto mmoja alikuwa ru, mwingine di, wamesimama bega kwa bega. Wa tatu alipita akiwagusa vichwani, na kila aliyeguswa alisema kipande chake. Rudi. Nilisikia "ludi", na nikanyamaza. Kisha wakabadilishana nafasi: diru. Hapo r ikatoka bila kuitwa. Mgusaji akaambiwa aende haraka, aguse huku na huku asisimame: dirudirudirudirudi. Ukiisikiliza chapuchapu hujui tena kama watoto wanasema diru au rudi, na r iko mle muda wote, imelala baada ya i kama katika emmere inavyolala baada ya e. Nikapiga kofi, mgusaji akasimama, na aliyekuwa ru akasema neno lake peke yake, na r ikiwa bado ulimini. Si wote walioweza. Tisa au kumi waliweza siku ile ya kwanza, wengine walikuwa wanagombania nani aguse vichwa. Tulifanya vivyo hivyo kwa rangi, ngira, na kwa rafiki.

Nataka niwe mkweli kuhusu mipaka ya njia hii, maana uhakiki unaosifu tu ni tangazo. Inafaa kwa maneno yanayoanza na r na kuishia na i au e. Kwa kura haisaidii chochote: kurakurakura, r inafuata u daima. Kwa mbili inasaidia mara moja tu, ukisema limbi, kwa kuwa mwanzoni mwa neno ulimi wa Muganda huchagua l. Ukiirudiarudia, l inakutana tena na i na mbiri inarudi. Kelele ni balaa kabisa. Ukiigeuza unapata lekele, na watoto wakasema lekere: kosa moja limepona na lingine limebaki limesimama palepale.

Jambo la pili ninalotaka kulihakiki ni mimi mwenyewe. Darasani alikuwapo mtoto ambaye mama yake alitoka Goma. Nyumbani kwao wanazungumza Kiswahili cha Kongo, na ndiye mtoto pekee mle aliyekuwa na Kiswahili kabla ya shule. Wiki ya kwanza alinionyesha picha akasema, "Mutoto." Nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, "Si mutoto, ni mtoto." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka nao kama mimi nilivyofanya. Alinyamaza tu. Siku ya nne mama yake alinisubiri langoni, akaniambia: "Ticha, mutoto anakatala kusema Kiswahili ku nyumba. Anasema ni mubaya." Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi mama, na njia nzima kuelekea mwaloni nilikuwa nasikia lile darasa langu la mwaka wa kwanza.

Tulipofika kwenye maneno ya vipande vitatu nikachagua mtoto makusudi. Watatu walisimama: m, to, to. Aliyepewa m akalalamika kwamba kipande chake si kitu, hakisikiki, wenzake wamepewa to nzima. Kabla sijaeleza, yule wa Goma akasema kutoka nyuma, "Sema mu." Basi akasema mu, akaridhika, na wote wakagusa: mu-to-to. Niliacha. Najua wapo watakaosema nimeruhusu usanifu uvunjwe chekechea. Jibu langu ni hili: m ya mtoto ni silabi kamili, ina pigo lake, na ndiyo sababu neno lina mapigo matatu. Kihistoria ni mu iliyopoteza irabu yake. Mtoto anayesema mutoto amelihesabu neno sawasawa, na irabu atakuja kuiacha akiwa na miaka saba bila kuumia. Anayeambiwa kwamba amekosea anaweza kuacha lugha nzima. Kijana yule hakugeuka kuwa msemaji. Alianza kuchagua nani awe kipande gani, akinong'ona, na kwa kuwa maneno mengi aliyajua yeye, wenzake walimngoja.

Kuna kipimo kimoja nilichokitoa kwake. Katika ule mchezo wa nyoka na tenisi, mwalimu pekee ndiye aliyejua jibu, na kazi ya mtoto ilikuwa kulifikia. Katika kinyume, mtoto aliweza kubadilisha kanuni na mchezo ukaendelea. Kwepena wanayoicheza mapumzikoni iko hivyo, kila siku kuna ugomvi mpya kuhusu nani ametoka. Mchezo ambao hauwezi kugombewa nauona kuwa zoezi tu, hata ukiwa na nyimbo. Kwa sababu hiyohiyo siwezi kuzisifu sana katuni, pamoja na kwamba Akili and Me ya Dar es Salaam ina Kiswahili kizuri na watoto kadhaa huitazama kwenye simu za wazazi. Inasema vizuri, lakini haisikii. Mtoto akiijibu habali, inaendelea kutabasamu.

Pingamizi kubwa zaidi sikulipata chuoni, nililipata kwa Ssenga. "Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, akichambua mukene, "watoto wadogo hivyo unawafundisha lugha ya askari?" Hakuwa anatania. Kwa kizazi chake Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kilikuja kikiwa kimevaa buti. Katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, hayo yote yalifanyika kwa karatasi, na karatasi haifuti kumbukumbu ya sikio. Tunapojadili kufundisha Kiswahili Uganda huwa tunahesabu walimu na vitabu, na tunafanya vizuri, maana vyote havitoshi. Lakini mtoto wa hapa mara nyingi husikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kikiwa amri. Akikisikia kwa mara ya kwanza kikiwa dirudirudi, sidhani kwamba ni kitu kidogo, ingawa sijui kitapimwaje kwenye mtihani.

Siku niliyomweleza Ssenga mchezo wetu alicheka hadi akaweka ungo chini. Kisha akaniambia kitu kwa Ludikya, haraka kiasi kwamba sikushika hata neno moja. Nikamwomba arudie, akakataa. Alisema hayo yalikuwa ya wasichana wa kwao, na kwamba bibi yangu hakuwahi kuyafumbua.

Ninapendekeza kinyume na Ludikya ziingizwe katika kozi ya fasihi simulizi, pale kwenye vitanza ndimi, hata kama ni kwa juma moja. Na wenzangu wanaokwenda mafunzo ya ualimu mwaka huu, naomba mnisaidie na habari. Nimejaribu rihaba, wakasema lihaba. Nimejaribu kuiweka katikati ya maneno yenye i, nimejaribu kuiimba. Siku yangu ya mwisho watoto 31 walisimama wakaniambia kwa sauti moja, "Habali, Ticha!" Thelathini, kwa kweli. Yule wa Goma alisema habari, na r yake niliisikia vizuri katikati ya zile l zote.